Milango Mitatu ya Nazzarena

Watu wa Viterbo, mji wa kale kule Italia, hawatazami tamthilia kama watu wengine. Kwingineko mtu hukaa mbele ya televisheni ajue nani kamuua nani. Viterbo wanataka kujua muuaji kapita njia gani. Alhamisi jioni, tamthilia ya Mfamasia inapoanza, baa ya mtaa wa San Pellegrino hujaa mpaka kizingitini. Mfamasia mwenyewe ni mwanamke mwerevu mwenye koti jeupe, hodari wa kunasa wauaji kuliko polisi. Lakini akikata kona kushoto na kutokea kwenye uwanja ambao kila mtoto wa mji anajua uko kulia, vikombe hugongwa mezani na wazee huwaka kana kwamba wameibiwa. Muuaji akamatwe asikamatwe, shauri lake.

Kilichowachoma zaidi ni kipande kilichorudiwa kila wiki. Mfamasia anafunga duka lake pale San Pellegrino, anaingia mlango wa nyuma, na dakika nne baadaye anatokea kwenye chemchemi ya Fontana Grande, hana hata tone la jasho, huku askari wakifika wanahema kwa kuzunguka barabarani. Baa nzima ilikuwa ikisema kwa sauti moja, "Dakika nne! Ana mabawa huyo?"

Nazzarena Grispigni hakuwa akisema kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye vigimbi vigumu kama vya mwendesha baiskeli, na alisambaza barua katika mtaa huo miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Alizoea kukaa kona yake, akinywa kahawa yake, akiwaacha wenye makelele na makelele yao. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, ulimi ukamponyoka.

"Inawezekana," akasema.

Aliyegeuka kwanza alikuwa Dokta Lamberto. Huyu alikuwa mwongoza watalii mashuhuri kuliko wote mjini, kijana mrefu mwenye mwavuli mwekundu aliouinua juu hata mvua isiponyesha, ili wageni wamwone na kumfuata. Alikuwa dokta wa historia, maana kwao mtu akimaliza chuo kikuu huitwa dokta hata kama hajawahi kumponya paka.

"Inawezekana nini, mama yangu?" akauliza Lamberto.

"Kutoka dukani kwa Mfamasia mpaka chemchemini. Kwa dakika nne, bila kukanyaga barabara."

"Bibi Nazzarena, kwa heshima zote, mimi nimeandika tasnifu ya kurasa mia tatu juu ya mtaa huu."

"Najua. Ulipokuwa ukiuandika, mimi nilikuwa nauletea bili za umeme."

Watu wakacheka mpaka mwenye baa akamwaga maziwa. Lamberto naye alicheka, lakini masikio yalimwiva. Mwezi wa tano, alisema, inakuja kamati ya mashabiki wa tamthilia kutoka Cremona, watu kumi na wanne, wenye kuamua chama chao chenye maelfu ya wanachama kitatembezwa na nani katika mji huu. Ikiwa Bibi Nazzarena atawafikisha wote kumi na wanne chemchemini, mpaka wa mwisho, kwa dakika nne na bila barabara, yeye atamkabidhi mwavuli wake mbele ya umma. Asipoweza, basi aache kutembeza watu.

Hilo la mwisho lilikuwa na sababu yake, na ni lazima tuseme kweli hata kama tunampenda. Chama cha mtaa kilikuwa kimempa Nazzarena kazi ya kuwaonyesha wageni mahali tamthilia ilipopigiwa picha, na alikuwa akiifanya vibaya. Alikuwa mkweli mno. Wageni walipofika mbele ya famasi yao wakiwa na machozi ya furaha, yeye aliwaambia, "Hii si famasi. Ni stoo ya mbao ya Elvio seremala. Ule msalaba wa kijani waliubandika kwa gundi. Jiko lake mnaloliona lilijengwa Roma. Na pale anapomkumbatia mchumba wake, hapo ni Tuscania, mwendo wa nusu saa kwa gari." Bibi mmoja aliyesafiri tangu alfajiri alikaa kwenye ngazi akavua viatu, hakutaka tena kuona kitu.

Lakini usimcheke haraka. Nazzarena hakutaka sifa za televisheni. Alipostaafu walimpa sahani yenye picha ya minara, wakampigia makofi, kesho yake wakamsahau. Miaka thelathini na minne ya ngazi, mvua na mbwa, halafu sahani. Alitaka, kabla hajafa, asikie mtu mmoja akisema kwa sauti kwamba miguu yake ilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Ndiyo maana akampa Lamberto mkono palepale.

Njia aliijua. Zamani, siku za mvua kubwa, aliikwepa barabara ili barua zisilowe. Chini ya nyumba za San Pellegrino kuna maghala ya mvinyo yaliyochimbwa kwenye mwamba tangu enzi za mababu wa mababu, na baadhi yamepakana ukuta kwa ukuta. Stoo ya Elvio ilikuwa na ngazi ya kushuka ghalani kwake. Ghala hilo lilikuwa na mlango wa kuingilia ghala la jirani yake, Sestilio. Ghala la Sestilio lilipanda hadi uani, na ua huo ulitokea nyuma ya tanuri la Fosca mwoka mikate, ambaye mlango wake wa mbele unatazama chemchemi. Kila mtu aliujua mlango wake mwenyewe. Aliyeijua milango yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, alikuwa mpeleka barua peke yake.

Fosca alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Elvio alikubali kwa kuinamisha kichwa. Tatizo lilikuwa mlango wa katikati, maana miaka ishirini na sita ulikuwa umezibwa kwa pipa la mvinyo lililojaa, na aliyelisukumiza pale ni Sestilio kwa hasira yake.

Elvio na Sestilio walikua pamoja kama chanda na pete. Kama kila mvulana wa Viterbo, ndoto yao ilikuwa moja: kuwa miongoni mwa wanaume wanaobeba mabegani mnara wa taa wa Santa Rosa, mtakatifu wa mji wao, usiku wa tarehe tatu Septemba, mji mzima ukilia. Hupewi nafasi hiyo bila jaribio. Unabeba sanduku la kilo mia moja na hamsini shingoni, unatembea kutoka mstari hadi mstari, na ukiguswa na mtu njiani umetoka. Walikwenda siku moja, wana miaka thelathini na mitatu. Elvio akabeba, akafika. Sestilio akabeba, akatembea vizuri, na zikiwa zimebaki hatua tatu goti lake likacheza. Elvio akaruka akamshika kiwiko.

"Ningefika," akasema Sestilio siku ile.

"Ungevunjika shingo," akasema Elvio.

Hawakusemezana tena. Kila mwisho wa Agosti, Elvio alimwandikia mwenzake barua na kuituma kwa rejista, ile ambayo mpokeaji lazima atie sahihi, ili isitupwe bila kuonwa. Na kila mwisho wa Agosti Nazzarena alipanda ngazi za Sestilio na barua mkononi, akaambiwa, "Sitii sahihi," akashuka nayo, akaigonga mhuri wa kurudishwa kwa mtumaji. Mara kumi na tisa. Alipostaafu, Elvio aliacha kuandika.

"Kwa nini uliacha?" Nazzarena alimuuliza sasa, wamesimama kati ya mbao.

"Aibu ya kukataliwa nilizoea kuipata kwako, Nazzarè. Huyu mpeleka barua mpya simjui."

Alikuwa amezihifadhi zote kwenye kopo la rangi, zimefungwa uzi. Nazzarena akaomba moja. Elvio akampa ya kwanza kabisa, bahasha yake imegeuka rangi ya chai.

Nazzarena alimkuta Sestilio jikoni akimenya maharagwe mabichi ya mwezi wa tano, na jibini ya kondoo imekatwa pembeni. Alikuwa mtu mkubwa, mjane, mwenye goti linalolia akisimama. Aliiona bahasha kabla hajamwona aliyeishika.

"Sitii sahihi," akasema.

"Nani kakuomba sahihi? Mimi nimestaafu. Posta ndiyo inayorudisha barua. Mimi sirudishi."

Akaiweka katikati ya maganda ya maharagwe, akavuta kiti akakaa. Sestilio akaendelea kumenya. Alimenya mpaka yakaisha, kisha akaanza kupanga maganda. Nazzarena akamweleza habari za kamati, za mlango, za mwavuli. Hakuficha kitu.

"Kwa hiyo umekuja kwa ajili yako," akasema Sestilio.

"Kwa ajili yangu, ndiyo. Miaka kumi na tisa nilipanda ngazi zako kwa ajili yenu. Leo ni zamu yangu."

Sestilio akatia maharagwe kwenye mfuko wa karatasi, akampa, akamfungulia mlango. Hakusema ndiyo wala siyo. Barua ilibaki mezani, haijafunguliwa. Nazzarena alikwenda nyumbani akala maharagwe na jibini, na kwa mara ya kwanza tangu alipompa Lamberto mkono, aliogopa.

Kamati ikafika Jumamosi, saa nne asubuhi. Kiongozi wao alikuwa Mirella, mwalimu mstaafu mwenye daftari, aliyejua kila sehemu ya tamthilia kwa namba. Mtaa mzima ulijitokeza, nusu yao kumwombea Nazzarena na nusu yao kuona akianguka, na wengi walitaka yote mawili. Lamberto alikuwa ameshatangulia chemchemini na mwavuli wake, simu mkononi, amezungukwa na mashahidi. Kutangulia si kufika, lakini yeye hakuwa ameambiwa.

Elvio alikuwa amefagia stoo na kuurudisha ule msalaba wa kijani, akaubandika upya kwa gundi yake mwenyewe. Nazzarena aliwatazama wageni kumi na wanne. Safari hii hakuwaambia famasi ni ya uongo.

"Mfamasia anaingia hapa," akasema. "Nifuateni mguu kwa mguu. Mwenye kuogopa giza amshike aliye mbele."

Mtu akampigia Lamberto simu kwamba saa ianze kuhesabu. Wakaingia, wakashuka ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, Elvio mbele na taa, viatu vikigonga, baridi ikipanda miguuni. Dakika moja ilikuwa haijatimia walipofika kwenye mlango wa kati. Ulikuwa mlango wa mbao nene, mweusi kwa unyevu. Nazzarena akaugonga kama alivyogonga milango yote ya mtaa maisha yake yote, mara mbili haraka na mara moja polepole.

Akagonga tena. Nyuma yake alisikia pumzi za watu kumi na wanne, na Mirella akimnong'oneza jirani yake, "Hii iko msimu wa ngapi? Mbona mimi siikumbuki?"

Kisha upande wa pili mtu akakohoa.

"Elvio yuko hapo?" ilikuwa sauti ya Sestilio.

Elvio akaweka taa chini. "Niko."

"Umeandika kwamba ningefika."

"Nimeandika."

"Ni kweli, au unanibembeleza?"

"Ningekuwa nabembeleza ningechoka barua ya pili. Ungefika, Sestì. Goti lako lilicheza, lakini wewe ulikuwa bado umesimama. Aliyeogopa ni mimi. Niliogopa nikakushika, halafu nikaona haya kusema nimeogopa, nikasema ungevunjika."

Mwanamume mmoja wa Cremona akavuta makamasi gizani. Dakika ya pili ilikuwa imekwisha, na Nazzarena alilijua hilo, lakini alifunga mdomo. Alikuwa ameishika barua hiyo mara tatu mkononi, ya kwenda, ya kurudi na ya kwenda tena, asijue imebeba nini. Sasa alijua, na hakuwa tayari kuiharakisha kwa ajili ya mwavuli.

"Pipa limejaa," akasema Sestilio. "Peke yangu siliwezi."

"Huku tuko kumi na sita," akasema Elvio. "Na mlango unafunguka kuja kwako. Wewe vuta, sisi tusukume. Toa amri."

"Amri gani?"

"Unajua amri gani."

Kila mtu wa Viterbo anaijua amri wanayopewa wabeba mnara, watoto huicheza uani. Sestilio hakuwahi kuitikia kwa bega lake, na sasa akaitoa kwa sauti iliyojaza maghala yote mawili.

"Wote kwa pamoja! Inueni!"

Wakasukuma. Walimu wastaafu, muuza viatu, mke wa daktari wa meno, seremala, mpeleka barua. Pipa likagumia, likasogea kidogo, likasogea tena, kisha likabingirika, na mlango ukafunguka ukiwa na harufu ya mvinyo wa miaka ishirini na sita. Sestilio alikuwa amesimama pale ameshika kamba aliyovutia pipa, amelowa jasho, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Piteni," akawaambia wageni, akiwaangalia kwa ukali kama wamechelewa wao. "Mnangoja nini, saa inakwenda."

Wakapita mbio. Ngazi juu, ua, jua, nguo za mtu kwenye kamba, Mirella akizikwepa na daftari lake limeshikwa juu. Fosca alikuwa ameuacha mlango wa nyuma wazi na kusogeza magunia ya unga, akawa anawahesabu kwa sauti wakipita kando ya tanuri, sita, saba, nane. Nazzarena alisimama kizingitini akiwatoa mmoja mmoja kwenye uwanja wa chemchemi, kumi na mbili, kumi na tatu, na wa kumi na nne alikuwa muuza viatu, mabega meupe kwa unga, mkate moto mkononi ambao hakuna aliyejua ameupata saa ngapi.

Lamberto aliitazama simu yake. Mashahidi wakaitazama pamoja naye. Dakika tatu na sekunde hamsini na mbili.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Lamberto alisubiri yatulie, na hapa tumpe haki yake, hakutafuta kisingizio. Alifunga mwavuli, akaushika kwa mikono miwili, akamkabidhi Nazzarena.

"Kurasa mia tatu," akasema, "na sikuandika mlango hata mmoja."

"Hukugonga, mwanangu. Njoo Jumatatu nikutembeze. Viatu hivyo uviache nyumbani."

Mirella naye hakuhitaji kikao cha kamati. Alikuwa na unga kwenye nyusi, na alikuwa akilia na kucheka. Alisema wamefika maeneo ya tamthilia katika miji tisa, na kote wameonyeshwa mahali mwigizaji aliposimama. Hii ilikuwa mara ya kwanza wamepita alikopita Mfamasia. Akasema chama chao chote kitakuja kwa Bibi Nazzarena, na yeye ataandika hivyo leo hii. Nazzarena akajifanya anaupangusa mwavuli.

Wakati huo ndipo watu walipowaona wale wawili. Mlango wa Fosca una ngazi tatu za kushukia uwanjani, ndefu kuliko inavyopasa. Elvio alikuwa ameshashuka na kugeuka. Sestilio alikuwa juu, ameshika mlango, goti lake limegoma. Na Elvio alikuwa ameweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, ameikaza, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Sestilio akamtazama.

"Sasa huo mkono umeuficha wa nini?"

"Nangoja uuombe."

"Basi lete, mpumbavu wewe."

Hatua tatu zilizokuwa zimebaki, wakazimaliza pamoja.

Alhamisi iliyofuata baa ilijaa kuliko kawaida. Mfamasia akafunga duka lake, akaingia mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga kelele. "Sasa anashuka kwa Elvio," akasema mwenye baa, taulo begani. "Sasa yuko mlangoni," akasema mwingine, na Sestilio, aliyekaa meza moja na Elvio, akaionya televisheni isigonge pipa lake. Waliposema anapita kwa Fosca, Fosca aliitikia kwamba amemwona, tena Mfamasia kamdokolea mkate. Kisha Mfamasia akatokea chemchemini bila jasho, na baa nzima ikaacha kutazama televisheni, ikageukia kona ya kahawa, ambako mwavuli mwekundu ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Nazzarè," akauliza mwenye baa kwa heshima, "kapita sawasawa?"

Nazzarena akamaliza kahawa yake kwanza. Alikuwa amengoja swali hilo miaka mingi, hakuona haja ya kukimbilia jibu.

"Kapita sawasawa," akasema.